Bandari Bubu si Urithi wa Tanga

Malalamiko kuhusu majahazi yanayokamatwa na mizigo inayozuiliwa katika mwambao wa Tanga yameongezeka, na kila mara tunaelezwa kwamba bandari bubu, yaani sehemu za pwani zisizo rasmi za kupakulia mizigo, ni njia za mababu ambazo serikali imeziingilia juzi. Madai hayo hayana msingi, kwani hata Sultani wa Zanzibar alitoza ushuru Pangani na Tanga kwa pembe za ndovu zilizoteremshwa na misafara kutoka bara, na ni kampuni ya Kijerumani kuutwaa ushuru huo mwaka 1888 kulikochochea vita vya Abushiri.

Mji wenyewe ulikuzwa na shehena iliyoandikwa. Mwaka 1893 ilianza kujengwa reli ya kuelekea Usambara, na mwaka huohuo Richard Hindorf akaleta miche ya mkonge kutoka Florida, ikasalia hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Mkonge ukaijaza bandari hadi nyuzi za viwandani zilipoangusha bei. Kwa miaka mingi meli zilitia nanga mbali na gati, mzigo ukashushwa kwenye matishari kisha ukapakuliwa tena nchi kavu, gharama juu ya gharama. Sasa kina kimechimbwa kutoka mita 3 hadi 13 na gati la mita 450 limejengwa, hivyo kisingizio cha kukwepa bandari rasmi kwa ucheleweshaji wa matishari hakipo tena.

Kwa mzigo utokao nje ya nchi, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inataka kadhia, yaani tamko la mzigo kwa forodha, iwasilishwe ndani ya siku 21 tangu upakuaji uanze; tangu upakuaji uanze, si tangu mwenye mzigo apate fedha. Kadhia ya uongo ni kosa lenye kifungo kisichozidi miaka 3 au faini isiyozidi dola 10,000 za Marekani. Magendo ni kifungo kisichozidi miaka 5 au faini ya asilimia 50 ya thamani ya mzigo unaotozwa ushuru, mbali na mzigo wenyewe kutaifishwa.

Wapo wanaoamini kwamba chombo kidogo kimesamehewa. Ni kinyume kabisa: kifungu cha 211 kinaruhusu kutaifishwa kwa chombo cha chini ya tani 250 kilichobeba magendo, na karibu kila jahazi la mwambao wetu limo humo. Kwa hiyo mwenye jahazi la kukodisha adai kuona nyaraka za mzigo kabla nahodha hajatweka tanga.