Paili na udongo kwenye kompyuta: yanayosemwa na ukweli wake

Wengi wanaamini paili, yani ile nguzo ndefu inayozamishwa ardhini kubeba jengo, inabebwa na kitako chake kule chini, kwahiyo kwenye modeli ya kompyuta unaweka sapoti ngumu afu umemaliza. Hapana jamani, labda kama imekaa kwenye mwamba mzima. Kwenye udongo, msuguano wa ubavuni ndo unaanza kubeba, na unafika kileleni paili ikishuka milimita chache tu, wakati kitako mara nyingi kinataka ishuke kama asilimia 10 ya kipenyo ndo kitoe nguvu zake zote, yani paili nene ya mita 1 ishuke sentimita 10, jengo gani litavumilia hiyo?

Kuna hii nyingine, "meshi yangu (vile vipande ambavyo kompyuta inagawia udongo na paili) ni ndogondogo, majibu yako sawa." Meshi nzuri inapunguza makosa ya hesabu basi, vipimo vya udongo vikiwa vibovu unapata jibu bovu lenye desimali nyingi.

Linaloniuma zaidi ni hili, watu hudhani haijalishi paili iliingiaje ardhini. Modeli nyingi zinaanza na paili ikiwa tayari imo, udongo wa pembeni haujaguswa kabisa. Sasa paili ya kugongwa inausukuma udongo, kwenye mfinyanzi presha ya maji inapanda, na ikishatulia baada ya wiki au hata miezi paili inabeba zaidi kuliko siku iliyogongwa. Ile ya kuchimba na kumwaga zege ni kinyume, udongo unalegea kuelekea shimoni. Ukiziingiza zote kwa namba zilezile za msongo wa pembeni na msuguano, umemodeli paili ambayo haipo.

Halafu kuna njia ya kuweka springi kwenye modeli badala ya udongo, watu wanasema eti zimepitwa na wakati. Wazo ni la Winkler, 1867, ila mikunjo ya Matlock ya mwaka 1970 kwa mfinyanzi laini, yani michoro ya nguvu ya udongo kadri paili inavyosogea, ilitoka kwenye majaribio ya paili halisi zikisukumwa kwa pembeni, na bado inatumika. Udhaifu wake ni kwamba springi moja haijui jirani yake inafanya nini, ndo maana paili zikiwa kundi lazima upunguze nguvu za springi, na kundi linatitia zaidi ya paili moja hata kama kila moja ina mzigo uleule.

Kama kuna jaribio la mzigo saiti, linganisha mchoro wake wa mzigo na kutitia na ule wa modeli, lakini usilazimishe vifanane kwa kuchezea ugumu peke yake, maana unaweza kupata mstari uleule huku msuguano umeuzidisha na kitako umekipunja, na mzigo ukiongezeka kupita ule wa jaribio mistari inaachana.