Gunia lilifikaje kando ya barabara?

Kazi yangu ni afya ya mazingira hapa Malindi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kufungua magunia ya watu. Nikikuta rundo jipya kando ya barabara, siulizi kwanza ni nani huyu asiye na ustaarabu. Navaa glavu, nakata kamba, nachambua. Machicha ya nazi na maganda ya mihogo: hizi ni za jikoni kwa mtu. Makuti makavu na matawi ya ua yaliyokatwa kwa makasi: nyumba ya wageni yenye bustani. Vipande vya vigae na mifuko ya saruji: kuna fundi amemaliza kazi jana.

Kuna gunia moja lililonibadilisha mawazo. Ndani mlikuwa na daftari la mtoto, na kwa daftari hilo nikaifikia nyumba. Nilijiandaa kusemesha watu. Mama mwenye nyumba akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Dada, mimi taka zangu nazilipia. Kila wiki." Alikuwa akisema kweli. Alimlipa kijana wa mkokoteni, naye kijana akalibeba gunia na kutoweka nalo. Kwake yeye, jambo lilikwisha hapo mlangoni.

Kijana nilimpata kesho yake. Hakukataa. "Jaa liko nje ya mji," akaniambia. "Hela anayonipa mama haifiki hata nusu ya njia. Nikienda huko siku imekwisha na sijala." Basi alikwenda mpaka pale hela ilipoishia, akasubiri giza.

Tangu siku hiyo naamini kwamba taka nyingi za barabarani ni safari iliyolipiwa nusu. Aliyeitoa nyumbani anadhani imefika. Aliyeibeba hana pa kuishusha kihalali karibu naye. Ukimkamata kijana huyu leo, kesho gunia litabebwa na mwingine, kwa sababu jikoni hakujabadilika kitu na jaa halijasogea.

Sheria tunazo. Katiba ya Kenya ya 2010 imezipa kaunti jukumu la kuzoa taka na kusimamia majaa. Sheria ya usimamizi endelevu wa taka ya 2022 inataka taka zinazooza zitengwe na nyingine kuanzia nyumbani. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 2017 ilikuja na faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi 4, na mifuko ile ikapungua sana madukani. Lakini tuangalie kwa nini ilipungua: mkono wa sheria ulimfikia mtengenezaji na muuzaji, ambao wana mlango na anwani. Mtu mwenye mkokoteni usiku hana anwani. Kwake faini ni tishio la mbali, na njaa iko karibu.

Kwa hiyo napendelea kushughulika na mahali. Nimezunguka na kutazama sehemu zinazogeuka majaa, na karibu zote zinafanana. Mkokoteni au tuktuk inaweza kuingia na kugeuza bila taabu. Hakuna dirisha wala taa inayopaangalia. Na tayari pana uchafu wa mtu mwingine. Mara nyingi ni kiwanja ambacho mwenyewe haonekani mwaka mzima.

Ukiondoa kimoja kati ya hivyo vitatu, mtupaji huanza kusitasita. Kwenye kiwanja kimoja tulipanga mawe ya matumbawe, yale ya kujengea, ukingoni mwa barabara. Kwanza tulipima upana wa mkokoteni, gurudumu hadi gurudumu, na kuhakikisha nafasi kati ya jiwe na jiwe ni ndogo kuliko huo. Anayepita kwa miguu anapita. Mkokoteni haupiti. Kulibeba gunia begani na kulivusha mawe ni kazi nyingine, na hiyo hakuna aliyemlipa.

Hilo la uchafu kuita uchafu si maneno ya wazee tu. Mwaka 2008 mtafiti Kees Keizer na wenzake walichapisha majaribio waliyofanya mjini Groningen, Uholanzi. Walining'iniza vipeperushi kwenye baiskeli zilizoegeshwa uchochoroni pasipo na pipa la taka. Ukuta ulipokuwa safi, watu 33 kati ya 100 walikitupa kipeperushi chini au kumtundikia mwenzao. Ukuta ulipochorwachorwa ovyo, wakawa 69. Uchochoro ni uleule na kipeperushi ni kilekile. Ndiyo maana nasisitiza gunia la kwanza liondolewe siku hiyohiyo, hata kama mzoaji atalazimika kurudi kwa ajili ya hilo moja tu. Likilala, asubuhi utakuta lina wenzake.

Kuhusu ile mbao ya "Usitupe taka hapa", kusema kweli sina imani nayo. Ikisimama juu ya rundo inamwambia mgeni kwamba hapa ndipo wanapotupa. Pipa nalo ni hivyohivyo. Pipa lisilo na ratiba ya kumwagwa ni mwanzo wa jaa, kwa sababu likifurika watu huweka chini ubavuni mwake kwa nia njema kabisa. Kabla ya kuomba pipa, ulizeni nani atalimwaga, kwa chombo gani, siku gani.

Jambo ambalo kila nyumba inaliweza ni kupunguza harufu. Katika miji yetu zaidi ya nusu ya taka za nyumbani ni vitu vya kuoza, na kwa joto la Malindi machicha hayamalizi siku mbili. Harufu ndiyo inayomharakisha mtu alitoe gunia usiku huo, popote. Maganda yakienda kwa mbuzi na machicha kwa kuku, mengine kwenye shimo la mboji, kinachobaki ni kikavu na chepesi. Kinaweza kungoja wiki nzima. Na mkokoteni mmoja utabeba za nyumba nyingi kwa safari moja, hapo hela inaanza kufika jaani.

Masika yakianza, vyote vilivyoachwa kando ya barabara husombwa mpaka kwenye kalvati, vikaziba, maji yakapanda barabarani, na yanayopenya yanaelekea baharini, kwenye hifadhi ya bahari ya Malindi tunayoilinda tangu 1968. Vinavyobaki nchi kavu, kopo, kifuu, tairi, hushika maji. Mbu aina ya Aedes hutaga humo, na mayai yake hustahimili ukavu kwa miezi. Wenzetu wa Lamu wanakumbuka chikungunya, homa inayoenezwa na mbu huyo, ya 2004, iliyowapata takriban robo tatu ya watu wa kisiwa hicho. Ule ulikuwa wakati wa ukame, na mbu walizaana kwenye maji yaliyohifadhiwa majumbani. Mbu huyo hachagui kama chombo ni mtungi wa ndani au kopo la barabarani.

Kinachonisumbua bado ni pampasi. Mbuzi hali, waokota chupa hawagusi, shimo la mboji halipokei. Nilimuuliza mama mmoja kijana kwa nini huzitoa usiku, akainamisha kichwa: "Nikizichoma, mtoto atatoka vipele." Sikumcheka. Nilimweleza kwamba vipele havitokani na moto ule, ila moshi wa plastiki unamdhuru yeye na mtoto, kwa hiyo kutozichoma ni sawa. Kinachotakiwa ni mahali pengine pa kuzipeleka. Sasa kwenye mtaa wake tunajaribu ndoo yenye kifuniko kwa kila nyumba yenye mtoto mchanga, na yule kijana wa mkokoteni anazipitia Jumanne na Ijumaa. Nyumba zinachangia nauli ya tuktuk mpaka jaani, na dereva anarudi na ndoo tupu kama ushahidi kwamba alifika.