Mausi ya Bluetooth au ya kipokezi? Nionyeshe kwanza kompyuta yako

Minada ya korosho ikianza, mwezi wa kumi hivi, benchi la mbele ya kibanda changu hapa Chikongola, Mtwara mjini, linajaa makarani wa AMCOS, vile vyama vya msingi vya ushirika wa wakulima. Wanateremka kutoka Newala, Tandahimba, wengine Nanyamba, kununua rimu za karatasi, wino wa printa na mausi. Na kila mwaka swali ni lile lile: "Fundi, nichukue ya Bluetooth au hii yenye kidude cha kuchomeka?"

Najua vitabuni wanaandika kipanya, wengine puku. Mimi naandika mausi kwa sababu ndilo neno la dukani, na kwa sababu mtu wa rika langu ukimtajia kipanya anatafuta Hiace ya kwenda Mikindani.

Wengi wanaamini kwamba Bluetooth ni redio, na kile kidude cha USB ni namna fulani ya waya uliofichwa. Sivyo. Zote mbili ni redio, tena zinazungumzia masafa yale yale ya gigahezi 2.4, ambako Wi-Fi nayo imepanga. Tofauti iko kwa anayesikiliza. Kwenye Bluetooth anayesikiliza ni kompyuta yenyewe, kwa chipu iliyomo ndani, na lugha yao ni ya wote: mausi ya kampuni hii inaelewana na laptopu ya kampuni ile, hata na simu. Kwenye aina ya pili anayesikiliza ni kile kidude, ambacho mimi nakiita kipokezi, na kila kampuni ina lugha yake. Ndiyo maana ukikipoteza huwezi kuazima cha jirani, hata kama vinafanana kama mapacha. Logitech walijaribu kupunguza adha hiyo mwaka 2009 kwa kipokezi chao cha Unifying, kimoja kinabeba vifaa hadi sita na unaweza kukinunua peke yake. Mausi nyingi za bei ya chini hazina bahati hiyo. Kipokezi kikienda, mausi inabaki kuwa kitu cha kuzuia karatasi zisipeperuke.

Msimu uliopita dada mmoja, karani wa chama cha msingi, alinunua kwangu mausi ya kipokezi. Siku ya tatu akarudi nayo.

"Fundi, hii mausi mbovu. Nikiivuta inaganda, halafu inaruka kama panzi."

Nikaichomeka kwenye mashine yangu, ikateleza bila tatizo. Nikambadilishia hivyo hivyo, kulinda jina. Wiki haijaisha, simu inaita: na hii nayo panzi. Hapo nikamwomba, "Dada, hebu nipigie picha meza yako, unitumie WhatsApp." Picha ikamaliza ubishi. Laptopu yake ina matundu mawili upande wa kushoto, yamebanana. Moja lina kipokezi. La pili, lile lenye ulimi wa buluu ndani, lina eksteno, yaani diski ya nje, anayohifadhia kumbukumbu za wakulima, na waya wake umelala juu ya kipokezi.

Ulimi wa buluu mara nyingi ni alama ya USB 3.0. Inapitisha data kwa kasi ya gigabiti 5 kwa sekunde, na kwa kasi hiyo tundu, plagi na waya vinavujisha kelele ya redio inayotapakaa mpaka kwenye gigahezi 2.4. Si mimi niliyegundua. Intel wenyewe, ambao ni miongoni mwa walioianzisha USB, walilieleza tatizo hili kwenye waraka wao wa mwaka 2012. Sasa fikiria kipokezi kidogo kama ukucha, kimekaa sentimita moja au mbili kutoka kwenye tundu hilo, kinajaribu kusikia mnong'ono wa mausi yenye betri moja. Ni sawa na kupokea simu huku umeegemea ngoma siku ya jando. Mausi inatuma, kipokezi hakisikii, mshale unaganda. Ukipatikana mwanya, mshale unaibukia kwingine. Nami fundi mzima nilishabadilisha mausi iliyo nzima.

Dawa yake ni rahisi. Hamishia kipokezi upande wa pili wa laptopu. Kama matundu yote yako upande mmoja, nunua waya mfupi wa kurefusha USB, kipokezi kikae mezani karibu na mausi. Kama eksteno ni ya kunakilia tu jioni, ichomoe ukimaliza. Wenye desktopu, acheni kuchomeka kipokezi nyuma ya kasha lililowekwa chini ya meza: bati lote lile linakaa kati yake na mkono wako. Chomeka mbele, kwenye tundu jeusi, si la buluu, kama lipo.

Bluetooth haijapewa kinga kamili dhidi ya kelele hiyo, ila ina nafuu mbili. Antena yake kwenye laptopu nyingi imepitishwa juu, pembezoni mwa kioo, mbali na matundu. Pili, inahamahama. Bluetooth ya nishati kidogo, iliyokuja na toleo la 4.0 mwaka 2010, ina chaneli 40, na ikiona hii ina kelele inaikwepa na kutumia nyingine. Kwa meza ya yule dada, yenye printa, eksteno na modemu vinavyogombea matundu mawili, mausi ya Bluetooth ndiyo ingemfaa tangu siku ya kwanza. Kosa lilikuwa langu. Nilimuuzia mausi bila kumuuliza habari za kompyuta.

Kosa la upande wa pili nalo nimelifanya, tena kubwa zaidi. Shule moja ya sekondari iliniomba niwawekee mausi zisizo na waya kwenye chumba cha kompyuta, kwa kuwa wanafunzi walikuwa wanachomoa zenye waya na kuziharibu. Nikajiona mjanja: nikawapelekea za Bluetooth, hakuna kipokezi cha kuibwa. Desktopu zao hazikuwa na Bluetooth, kwa hiyo ikabidi kila moja niichomekee adapta ya USB. Yaani tundu nililotaka kuliokoa nimelitumia vilevile! Halafu mwalimu akaziwasha zote kwa pamoja. Kila kioo kikaonyesha orodha ndefu ya mausi zenye jina moja. Mtoto wa safu ya mbele anasukuma mausi, mshale unatembea kwenye kompyuta ya safu ya nyuma. Walicheka mpaka kipindi kikaisha. Nilirudi kesho yake nikaunganisha moja moja, huku nyingine zote zimezimwa, na kubandika namba kwa gundi. Siku hizi kwa chumba kama kile nashauri za waya, na nawaambia hivyo hata kama faida yangu ni ndogo.

Kuna jambo lingine linalowakuta wenye mashine za mtumba. Windows 7 haina uwezo wake yenyewe wa kuzungumza na Bluetooth ya nishati kidogo. Uwezo huo ulianza na Windows 8. Mausi nyingi mpya za Bluetooth ni za aina hiyo. Ukiwa bado na Windows 7, soma boksi kabla hujatoa hela, au chukua ya kipokezi. Sisi mafundi nasi hatuachani na ya kipokezi au ya waya, maana ukiingia kwenye BIOS, ile mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka, au ukiwa katikati ya kupiga Windows upya, mausi ya Bluetooth kwa kawaida imekufa kabisa. Kipokezi kinajitambulisha kama mausi ya kawaida ya USB, kinafanya kazi toka mwanzo.

Wanaocheza gemu watafute kipokezi, tena kile cha gemu kinachotoa taarifa mara 1,000 kwa sekunde. Bluetooth kwa kawaida iko kwenye mia na kitu. Kwa kujaza jedwali la kilo za korosho hutaona tofauti.

Usalama? Mwaka 2016 watafiti wa kampuni ya Bastille ya Marekani walionyesha kwamba vipokezi vya kampuni kadhaa vingeweza kudanganywa na mtu aliye mbali hadi mita 100, akaandika kwenye kompyuta yako kana kwamba ameshika kibodi. Bluetooth haikuguswa na udhaifu huo. Ukiwa mhasibu na una kipokezi cha zamani cha enzi zile, kibadilishe.

Betri ni ugomvi wa zote mbili. Msimu ukiisha, mausi inatupwa kwenye droo na betri yake ndani, na joto letu hili likiongezewa na hewa ya bahari, mwakani unakuta unga mweupe umekula springi. Kama ni betri ya alkalaini, pamba yenye ndimu au siki kidogo inausafisha. Pitisha spiriti baadaye, acha ikauke kabisa. Na unapofungua hapo kwenye betri, angalia vizuri: mausi nyingi zina kishimo cha kuhifadhia kipokezi. Nimeshawauzia watu mausi mpya, kumbe kipokezi "kilichopotea" kimelala humo.

Wanafunzi wa chuo wanaoandikia kazi kwenye simu au tableti wachukue Bluetooth, kwa sababu kipokezi kitawadai adapta ya OTG, ile ya kuchomekea vitu vya USB kwenye simu. Zipo pia zenye njia zote mbili, na swichi tumboni ya kuhama kutoka laptopu kwenda simu. Kama mfuko unaruhusu, chukua hiyo tuachane na ubishi.

Yule dada sikumuuzia mausi ya tatu. Nilimpelekea waya wa kurefusha kwa basi la asubuhi, na hajapiga simu tena. Ile ya kwanza aliyoirudisha, "mbovu", ndiyo ninayoitumia kuandikia haya.