Maji ya mvua yasikimbizwe mtoni

Kazi yangu ni kusanifu mitaro ya maji ya mvua mijini. Wahandisi tulizoeshwa lengo moja: maji yaondoke barabarani haraka iwezekanavyo. Barabara inakauka kweli, ila mto ndio unaoumia.

Piga hesabu. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1, kwa hiyo milimita 20 juu ya hekta moja ya lami na mapaa ni lita 200,000. Ardhi yenye majani ingenyonya sehemu kubwa. Lami hainyonyi, na maji hayo yakishuka kwa mkupuo yanamega kingo za mto na kufukia kwa tope changarawe ambamo samaki hutaga.

Tena ni machafu, hasa ya mwanzo wa mvua, kwa kuwa yanakomba kila kilichojikusanya tangu mvua iliyopita: oili, vumbi la breki, vinyesi vya wanyama, unga wa matairi. Unga huo usiudharau. Huko Seattle, Marekani, samoni aina ya koho walikuwa wakifa vijitoni kila baada ya mvua, kabla hata ya kutaga. Mwaka 2020 watafiti walitangaza chanzo: 6PPD-kwinoni, kemikali inayozalika pale dawa inayozuia mpira wa matairi kupata nyufa inapokutana na gesi ya ozoni ya hewani. Kinachonipa moyo ni kwamba maji yale yale ya barabarani, yakichujwa kwanza kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, hayawaui koho.

Ndiyo maana napigania vibonde vya mimea kando ya barabara. Unakata pengo kwenye ukingo wa barabara, maji yanaingia kibondeni, yanatuama kidogo, yanazama taratibu. Ndani ya siku 1 au 2 yawe yamekwisha, mbu wasipate pa kuzalia. Philadelphia, nayo ya Marekani, ilianza mwaka 2011 mpango wa miaka 25 unaotegemea njia hizi, kwani sehemu kubwa ya mji huo mvua na majitaka hupita bomba moja, na likizidiwa humwaga mtoni ziada ya mchanganyiko huo.

Kwa mafuriko makubwa, mabwawa na mahandaki bado yanahitajika. Lakini mvua nyingi za mwaka ni ndogo, na hizo kibonde kinazimudu mradi kisafishwe. Pengo likizibwa na takataka, maji yanakipita tu. Kwa hiyo kabla sijachora chochote namuuliza mwenye mradi: nani atazoa tope, na fedha zake zimetengwa wapi?