Modeli ya masizi ikipatia, iulize imepatiaje

Ule umanjano wa mwali wa mshumaa ni masizi: chembe ndogo mno za kaboni zilizopata moto hadi zikang'aa, na nyingi huungua kabisa kabla hazijafika nchani. Michael Faraday aliwaonyesha vijana jambo hilo London katika mihadhara yake ya Krismasi ya 1860. Kinachotuweka maabara mpaka leo ni hatua iliyotangulia mng'ao huo. Gesi inageukaje chembe?

Mwanzo tunaujua vizuri kiasi. Palipo na mafuta mengi na oksijeni haba, molekuli huvunjika, asetilini (gesi ya kaboni na haidrojeni) hujaa, na radikali mbili za propajili, yaani vipande vya molekuli vyenye elektroni isiyo na mwenza, zenye kaboni 3 kila moja, huungana kuwa pete ya benzini. Pete hupokonywa atomu ya haidrojeni, ikadaka asetilini, ikapokonywa tena, ikadaka tena, hadi pete ya pili ifunge, na ya tatu. Ndio mchakato wa HACA (kifupi cha Kiingereza cha huko kupokonya haidrojeni na kudaka asetilini), waliouweka wazi Michael Frenklach na Hai Wang mwaka 1991. Mwisho nao tunauona kwa hadubini ya elektroni: viduara vya nanomita 10 hadi 50, vimeshikana kama vichala vya zabibu.

Shida iko katikati. Modeli nyingi, yaani hesabu za kompyuta zinazoiga mwali, huchukulia kwamba molekuli mbili za pireni, yenye pete 4, zikigongana hugandana, na hapo chembe imezaliwa. Siamini. Nguvu inayozishikanisha ni dhaifu, na kwenye nyuzi 1,200 hivi za Selsiasi zitaachana mara moja. Mwaka 2018 kundi la watafiti akiwemo Hope Michelsen lilipendekeza njia nyingine, ya radikali tulivu zinazoungana kwa mnyororo, na kwangu hiyo ina mashiko zaidi.

Mbona basi modeli za pireni hutoa kiasi cha masizi kinacholingana na vipimo? Kwa sababu sehemu kubwa ya uzito wa masizi haitokani na kuzaliwa kwa chembe, inatokana na asetilini inayojijenga juu yake baadaye. Halafu kuna alfa, kigezo kinachosema ni sehemu gani ya uso wa chembe iko tayari kupokea. Hicho hurekebishwa mpaka mistari miwili kwenye grafu ilaliane.

Sisi wa vipimo nasi tusijitoe. Tunaupiga mwali kwa leza kwa nanosekunde chache, chembe zinapanda hadi karibu kelvini 4,000, zinawaka, kisha zinafifia, ndogo haraka na kubwa polepole. Lakini kuugeuza mwanga huo kuwa namba kunataka ujue chembe inafyonza leza kiasi gani, na masizi machanga, ambayo bado yana haidrojeni nyingi, hufyonza kidogo kuliko yaliyokomaa. Ukitumia thamani moja kwa mwali mzima, machanga unayapunja, na hayo ndiyo yangetueleza habari za kuzaliwa! Ukichovya bomba la sampuli badala ya leza, unaupoza mwali palepale unapopima.

Kwa hiyo nikipewa makala ya modeli mpya, grafu ya jumla ya masizi naipita. Natafuta mgawanyo wa ukubwa wa chembe karibu na mdomo wa kichomeo, kisha jedwali la vigezo, nione kama alfa waliyoitumia kwa ethilini ni ileile waliyoitumia kwa mafuta mengine.