Afrika iliyopauka kwenye ramani ya saratani ya utumbo mpana

Kila Jumatatu asubuhi maabara yetu hupokea boksi la vichupa kutoka hospitali za wilaya. Ndani ya kila kichupa kuna kinyama kilichokatwa kwa mgonjwa, kisichozidi punje ya mchele, kimezama kwenye fomalini, dawa ya kukihifadhi kisioze, na fomu iliyokunjwa mara nne imefungiwa juu kwa raba. Wiki mbili zilizopita fomu mojawapo ilisema: mwanamke, miaka 34, damu kwenye choo kwa miezi 11, ametibiwa bawasiri mara tatu.

Kinyama chake kilipowekwa kwenye kioo chini ya hadubini, sikuhitaji lenzi kali. Tezi za utumbo mpana zikiwa nzima hujipanga wima, moja kando ya nyingine, kama chupa za soda kwenye kreti. Hizi zilikuwa zimepinda, zimeungana ubavu kwa ubavu, na ndani yake kumejaa takataka za seli zilizokufa. Ilikuwa saratani, tena imeshaanza kupenya ukuta.

Jioni ya siku hiyohiyo, kwenye kundi la WhatsApp la watu tuliosoma pamoja, mwenzetu alituma ramani ya dunia ya ugonjwa huo. Ulaya ilikuwa nyekundu iliyoiva, Australia nyekundu, Marekani nayo nyekundu kiasi. Afrika ya kwetu ilikuwa imepauka karibu kuwa nyeupe. Akaandika chini yake: "Hili tumshukuru Mungu, si la kwetu." Nilishindwa kumjibu kwa ujumbe mfupi, na ndiyo maana ninaandika hapa.

Ramani yenyewe si ya uongo. Duniani saratani ya utumbo mpana ni ya tatu kwa wingi wa wagonjwa wapya na ya pili kwa kuua. Makadirio ya mwaka 2022 yanaonyesha wagonjwa wapya milioni 1.9 na vifo zaidi ya 900,000. Nchi kama Denmark, Norway na Hungary zimekuwa zikipata takriban wagonjwa 40 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, ilhali sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara iko chini ya 10. Ukitaka kuona ncha mbili za dunia, waweke wenyeji wa asili wa Alaska, wenye wagonjwa kama 91 kwa kila 100,000, kando ya wanavijiji weusi wa Afrika Kusini ambao hawafiki hata 5.

Kwa hiyo swali langu ni hili: weupe ule umetokana na nini? Mimi ninaona mambo matatu yamechanganyika, na ni moja tu kati yake ambalo ni la kushukuru.

Nianze na hilo la kushukuru, kwa sababu historia yake imepita hapa jirani. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland ya Kaskazini, alifika Uganda mwaka 1946, akafanya kazi Lira kisha hospitali ya Mulago, Kampala. Wengi wanamjua kwa uvimbe wa taya wa watoto unaoitwa kwa jina lake. Lakini kuna jambo jingine lililomkaa kichwani: magonjwa ya utumbo yaliyojaza wodi za Uingereza hakuyaona Mulago. Baadaye akaandikia hospitali nyingi za misheni kuuliza wanaona nini, na yeye na wenzake wakawamezesha watu vipunje vya plastiki vinavyoonekana kwenye eksirei ili wahesabu saa ambazo chakula hukaa tumboni. Kwa wanavijiji wa Afrika ilikuwa kama siku moja na nusu. Kwa Waingereza ilikuwa siku tatu hivi, na wengine zaidi. Mwaka 1971 akachapisha hoja yake: nyuzinyuzi za kwenye chakula ndizo zinazowalinda.

Je, alikuwa sahihi? Kwa sehemu kubwa, ndiyo, ingawa sababu hasa si mwendo wa choo peke yake. Nyuzinyuzi na wanga usiomeng'enywa hufika kwenye utumbo mpana vikiwa bado vizima, bakteria wakavichachusha, na humo hutoka kemikali iitwayo butireti, ambayo ndiyo chakula cha seli za ukuta wa utumbo. Seli zinazoshiba butireti hutulia. Zikiikosa, na badala yake zikaloweshwa na asidi za nyongo zinazomwagika kwa wingi kusaga mafuta, huwashwa na kuanza kugawanyika kwa pupa.

Utafiti ninaoupenda kuliko yote katika jambo hili ulitoka mwaka 2015. Watafiti waliwachukua Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh na wanakijiji 20 wa Afrika Kusini, wakawabadilishana chakula kwa wiki mbili. Wamarekani wakala uji wa mahindi, maharage na mboga, wakitoka gramu kama 14 za nyuzinyuzi kwa siku hadi 55. Waafrika wakala soseji, baga na chipsi. Kabla na baada ya hapo wakachukuliwa vinyama vya ukuta wa utumbo na kupakwa rangi ambayo hugeuka kahawia kwenye kiini cha seli inayojiandaa kugawanyika. Hiyo ni rangi ninayoisoma kila siku. Katika wiki mbili tu, kahawia ilipungua kwa Wamarekani na kuongezeka kwa Waafrika. Butireti ya Wamarekani ilipanda mara mbili na nusu, na ya Waafrika ikashuka kwa nusu. Tena walipoangaliwa mwanzoni kwa kamera inayopitishwa njia ya haja kubwa, Wamarekani 9 kati ya wale 20 walikutwa na polipu, yaani vile vinyama vinavyoota ukutani na ambavyo baadhi hugeuka saratani baada ya miaka. Waafrika hawakuwa na hata mmoja.

Wote hao ni watu wenye asili ya Afrika. Na Wamarekani weusi ni miongoni mwa wanaougua zaidi na kufa zaidi kwa ugonjwa huu nchini mwao, kuliko hata weupe. Kwa hiyo anayedhani kinga yetu iko kwenye damu aiache dhana hiyo. Wajapani walionyesha jambo hilohilo mapema: waliohamia Hawaii waliwafikia wenyeji wao kwa viwango ndani ya kizazi kimoja au viwili, na Japani yenyewe, iliyokuwa chini kabla ya vita, ikapanda hadi kuingia kwenye kundi la juu. Kinga ilikuwa sahanini, na sahani hubadilika.

Jambo la pili ni umri, na hapa ndipo hata madaktari wenzangu huteleza. Saratani hii hupenda wazee. Denmark mtu mmoja kati ya watano ana miaka 65 au zaidi. Tanzania hawafiki hata asilimia 5. Ukihesabu wagonjwa tu bila kuangalia hilo, sisi lazima tuonekane wachache. Wataalamu wa takwimu husawazisha umri kabla ya kuchora ramani, na namba nilizotaja juu zimesawazishwa. Lakini picha iliyobaki vichwani mwetu, kwamba "ni ugonjwa wa Wazungu", imejengwa na hesabu za wodini zisizosawazishwa.

Kosa hilohilo likigeuzwa huzaa hofu ya upande wa pili. Utafiti wa hospitali ya Bugando, Mwanza, uliochapishwa 2013, uliwafuatilia wagonjwa 332, na umri wa kati ulikuwa miaka 46. Nimewasikia watu makini wakihitimisha kwamba Mwafrika hushikwa na saratani kali ya aina ya pekee akiwa kijana. Taratibu kidogo. Katika nchi ambayo nusu ya watu ni watoto na vijana wadogo, ugonjwa wowote ule utaonekana wa vijana, kwa sababu hao ndio waliopo. Inawezekana kuna kitu cha ziada, na kinachunguzwa, lakini namba 46 peke yake haikithibitishi. Kinachonikosesha usingizi kwenye utafiti ule ni kitu kingine: zaidi ya tisa kati ya kila kumi walifika hospitali wakiwa wamechelewa.

Hapo tunaingia kwenye jambo la tatu, ambalo ndilo zito: kutokuona. Denmark ina rejesta ya saratani ya nchi nzima, yaani daftari la kuandika kila mgonjwa, tangu miaka ya 1940, na kuanzia 2014 kila mkazi mwenye miaka 50 hadi 74 hutumiwa nyumbani kifaa cha kupima choo kila baada ya miaka miwili. Kipimo hicho hunusa damu ambayo jicho haliioni. Mpango wa namna hiyo ukianza, wagonjwa huongezeka kwa muda, si kwa kuwa ugonjwa umezidi bali kwa kuwa waliojificha wamefichuliwa. Sehemu ya ule wekundu wa Ulaya ni wekundu wa kutazama. Kampala ina rejesta tangu 1951, na hiyo ni hazina ya Afrika Mashariki nzima, lakini inahesabu jiji na pembezoni mwake. Mzee anayefia kijijini tumbo limevimba, hajaona kamera wala hajakatwa kinyama, anazikwa kwa jina la "tumbo". Yeye ni nukta nyeupe kwenye ramani.

Sasa mwelekeo. Marekani viwango vya jumla vimekuwa vikishuka tangu katikati ya miaka ya 1980, kwa sababu wengi wameacha sigara na kwa sababu polipu zinatolewa kabla hazijageuka. Hiyo ni habari njema kuliko zote katika fani yangu: ni saratani unayoweza kuizuia kwa kukata kinyama cha nusu sentimita. Ila hata humo ndani ya Marekani kuna madoa yaliyobaki nyuma, kwenye delta ya mto Mississippi na milima ya Appalachia, ambako umaskini na uhaba wa vipimo vinakwenda pamoja.

Wakati wagonjwa wazee wakipungua, wagonjwa vijana wanaongezeka. Mmarekani aliyezaliwa karibu na 1990 ana hatari mara mbili ya saratani ya utumbo mpana, na mara nne ya saratani ya sehemu yake ya mwisho, ukimlinganisha na aliyezaliwa karibu na 1950 alipokuwa na umri uleule. Mwigizaji wa Marekani Chadwick Boseman alifariki kwa ugonjwa huu 2020 akiwa na miaka 43. Mwaka 2021 umri wa kuanza kupimwa kule ulishushwa kutoka 50 hadi 45. Uchunguzi wa nchi 50 umekuta ongezeko kwa walio chini ya miaka 50 katika nchi 27, na kasi kubwa ni New Zealand, Chile, Puerto Rico na England. Mwaka 2025 watafiti waliosoma jeni za uvimbe 981 kutoka nchi 11 walikuta alama za sumu ya bakteria fulani wa utumboni zikiwa mara 3.3 zaidi kwa waliougua kabla ya miaka 40 kuliko kwa waliougua baada ya 70. Inaelekea alama hizo huwekwa utotoni. Sijui kama kuna jambo limenishtua zaidi miaka hii, maana lina maana kwamba tunachowalisha watoto wa leo kinaweza kusubiri miaka 30.

Kwetu? Rejesta za Kampala na Harare zimeonyesha mstari unaopanda. Sishangai. Sembe imelitoa dona mezani, maharage ya jioni yamekuwa chipsi mayai, na soda imekuwa heshima ya mgeni. Sina nia ya kumtisha mtu kwa nyama choma ya Jumapili. Nyama za kusindika ndizo zilizothibitika: gramu 50 kwa siku, sawa na soseji moja, huongeza hatari kwa asilimia 18. Na kwa faida ya wanaoona aibu, ugali wa kiporo una wanga mgumu kumeng'enywa kuliko ugali wa moto, kwa hiyo bibi aliyekupa kiporo na maziwa asubuhi hakukosea.

Watu wa kanda ya ziwa huniuliza kuhusu kichocho. Ni kweli, mara nyingine ninakuta mayai yake kwenye kinyama kilekile chenye saratani. Kuwepo pamoja si ushahidi kwamba kimoja kimezaa kingine, na kwa kichocho cha utumbo cha kwetu uhusiano huo haujathibitishwa. Tibu kichocho kwa sababu ni kichocho.

Kinachoniuma ni lile neno bawasiri. Bawasiri ipo na inatoa damu, lakini haipaswi kuandikwa kwenye faili kabla mtu hajatazamwa. Katika wale 332 wa Bugando zaidi ya nusu uvimbe ulikuwa upande wa mwisho wa utumbo, na ulio chini kabisa hufikiwa na kidole chenye glovu. Kidole hakihitaji umeme wala rufaa. Ukiona damu kwenye choo, au choo kimebadilika ghafla kwa wiki kadhaa, au umeambiwa una upungufu wa damu na wewe ni mwanamume, au ni mwanamke uliyekoma hedhi, mwambie daktari wazi: naomba unipime kwa kidole, na kama huoni kitu, niandikie kamera. Kama baba, mama au ndugu yako wa tumbo moja aliugua, usisubiri dalili.

Yule mama wa miaka 34 ripoti yake ilitoka siku ya nne. Nilimpigia daktari aliyetuma kichupa. "Shikamoo dokta," akaanza, na nilipomsomea jibu alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema mgonjwa bado yupo wodini, watampa rufaa kesho yake. Nilikuwa na swali moja zaidi. Fomu haikuwa na jina la kata anakotoka, na karani wetu wa rejesta hawezi kumwingiza kwenye hesabu za mkoa bila hilo. Akaniambia nisubiri kwenye simu, akaenda kitandani kumuuliza.