Askari farasi wa mpakani: mpaka upi huo?

Ukimtajia Mswahili mpaka, anaona Namanga au Tunduma: geti, foleni ya malori, mtu wa uhamiaji na muhuri wake. Ndiyo maana "askari farasi wa mpakani", tunapowasoma katika habari za Marekani ya karne ya 19, wanatuchanganya. Mpaka wao ulikuwa ukingo wa makazi ya walowezi, na ukingo huo ulikuwa unatembea. Kila ulipopiga hatua kwenda magharibi, wenyeji wa asili kama Wacomanche na Waapache walipungukiwa ardhi. Askari farasi alilipwa kuulinda na kuusukuma.

Alilipwa nini? Askari wa kawaida, dola 13 kwa mwezi, mkataba wa miaka 5. Mlipaji alitakiwa kupita kila baada ya miezi miwili, na mara nyingi alichelewa.

Mapigano hayakuwa mengi kama filamu zinavyotudanganya. Siku ilikuwa ya farasi. Tarumbeta ikilia asubuhi, na tena alasiri, wote mazizini: kupiga brashi, kunywesha maji, kuinua kwato moja moja na kuchokoa mawe, ofisa amesimama anatazama. Posho ya farasi iliandikwa kwenye kanuni: ratili 14 za majani makavu na ratili 12 za nafaka kwa siku. Binadamu akiwa safarini alipata nyama ya nguruwe ya chumvi, maharage, kahawa, na biskuti kavu ngumu kama kigae, ambayo wengi waliiponda na kuikaanga kwenye mafuta ya ile nyama ili ilike. Kilichobaki cha siku kiliishia kwenye kuni, ujenzi na zamu za ulinzi.

Barua iliandikwa katika upenyo wa jioni, kabla tarumbeta ya kulala haijalia. Stempu haikuwa tatizo. Hadi 1883 barua ya kawaida ilikuwa senti 3. Tatizo lilikuwa kalamu yenyewe. Mwaka 1866 Marekani iliunda vikosi vya farasi vya 9 na 10, askari wake weusi, maofisa karibu wote weupe. Wengi wa askari hao walikuwa wametoka utumwani, na katika majimbo kadhaa ya kusini kumfundisha mtumwa kusoma lilikuwa kosa la jinai. Sheria iliyounda vikosi hivyo ikakipa kila kimoja kasisi wake, na miongoni mwa kazi za kasisi ikawamo kuwafundisha askari kusoma na kuandika.

Kabla mtu hajajua herufi, alimwomba mwenzake amwandikie. Na kule nyumbani huenda mpokeaji naye alitafuta wa kumsomea, jambo ambalo wazee wetu wa vijijini hawahitaji kuelezwa. Siri za ndoa ziliandikwa na mkono wa jirani wa kitanda. Wengine hawakuwa hata na anwani: familia zao zilikuwa zimeuzwa vipande vipande.

Hapo ndipo Fort Davis, ngome ya jeshi huko Texas, inaponigusa. Kikosi cha 9 kilifika huko 1867, na moja ya kazi zake ilikuwa kusindikiza magari ya posta kwenye njia ya San Antonio hadi El Paso. Mtu ambaye bado anahangaika kuandika jina lake anapanda farasi, bunduki begani, kulinda magunia ya barua za watu wengine.